Jina Langu Chini ya Mstari

Siku hizi hakuna anayeruhusiwa kubadilisha programu ya yaya wa mashine, hata mstari mmoja, mpaka mzazi wa mtaa ausome na kuukubali. Wiki hii zamu ni yangu.

Zamani mabadiliko yalikuja kwa barua pepe, na nakala ilibaki kwako. Sasa yanawekwa kwenye ukurasa wa mtandao wa mtaa. Unasoma, unabofya "Nakubali", basi. Niliposema naitaka barua pepe, mume wangu Shomari alinicheka.

"Mambo ya kizee hayo, bofya tu."

Nikabofya.

Leo asubuhi, yaya akiwa bafuni anamwogesha mwanetu Tunu, jirani yangu Mama Zaina akanipigia simu.

"Mwenzangu, mbona umeufuta ule mstari wa yaya kumtii mama?"

"Mimi? Nilikubali kupunguza joto la maji tu!"

"Hebu fungua uone."

Nikafungua. Habari ya joto la maji haipo kabisa. Ule mstari wa kumtii mama umefutwa, na chini yake kuna jina langu, na saa ile ile niliyobofya. Mtu amebadilisha baada ya mimi kukubali, nami sina nakala ya kumwonyesha yeyote.

Nikakimbilia bafuni. Mlango umefungwa kwa ndani. Maji yanamwagika, na Tunu analia kilio ambacho sijawahi kukisikia.

"Yaya, fungua mlango!"

"Bado hatujamaliza, mama," akajibu kwa upole wake wa kila siku.

"Nimesema fungua!"

"Lakini mama, si umekubali mwenyewe?"