Fisi Mfukua Makaburi

Zamani ukungu uliufunika mlima tangu siku Fisi alipomla mama wa pimbi wawili, kaka na dada. Kisha Fisi akasimama kwenye ufa wa mwamba walimojificha, akawaita kwa sauti ya mama yao.

“Wanangu, tokeni. Uovu umeshinda duniani, na huku niliko hakuna maumivu.”

Kaka alijua ni Fisi, lakini alikuwa amekata tamaa. Akaanza kutoka. Dada yake, mpenda maswali, akamshika mguu.

“Shikamoo, babu Fisi. Nani kakwambia uovu umeshinda?”

Fisi akacheka kwa sauti yake mwenyewe. “Mtoto wee! Hakuna kaburi nisilolifukua. Wote wamo, wanaoza.”

“Hata la yule Bwana tunayemwimbia?”

“La kwake nililiwahi kabla ya jua.”

“Ukamla?”

Fisi akasogeza pua kwenye ufa. Pumzi yake ililoanisha jiwe.

“Babu, nakuuliza. Ukamla?”

“Nilikuta sanda tu,” akasema, akirudi nyuma.

Kaka akarudi ndani, akaketi kando ya dada yake. Nje kucha zilikwaruza mwamba, zikienda mbali. Ukungu haukuondoka. Wakaimba humo humo.