Swila Aalikwa Semina

Zamani hizo wanyama ndio kwanza wamegundua semina, Mama Kanga alikuwa amebakiwa na mayai manne. Mengine yote yalimezwa na Swila, nyoka asiyejua kushiba. Kanga akamkimbilia Nguchiro, muuaji hodari wa nyoka, mkuu wa Shirika la Kuokoa Mayai.

"Baba, njoo umuue."

"Subiri, mama," akadakia Kasuku, katibu mpenda maneno. "Kwanza tunaandika mkakati wa miaka mitano. Wadau wote tumewaalika."

Siku ya kikao Kanga akamkuta Swila mlangoni, anatia saini mahudhurio kwa mkia.

"Na huyu je?"

"Huyo ndiye mdau mkuu, mama," akajibu Kasuku. "Bila yeye tungekuwa na mradi gani?"

Kanga akameza hasira kama mtama mkavu. "Mzee Swila," akasema kwa adabu, "mgeni wa heshima hakai mlangoni." Akamkalisha ubavuni mwa Nguchiro.

Kasuku hajamaliza kusoma dira, harufu ya nyoka ikampanda Nguchiro puani. Kufumba na kufumbua, Swila hayupo, na Nguchiro analamba midomo.

Kasuku akajishika kichwa. "Mama, umetuulia mradi. Miaka mitano imekwisha kabla ya chai."

"Basi kunyweni," akasema Kanga, akarudi kuatamia.