Mkalimani wa Baba

“Huyu ni dereva wetu,” Chiriku alimwambia mwalimu kwa lugha ya wenyeji. “Baba yuko kazini.”

Huyo dereva alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, anatabasamu, mkononi ana mfuko wa mayai aliyoyachemsha mwenyewe asubuhi. Alikuwa baba yake mzazi.

Barua ya shule ilisema kila mtoto aje na mzazi mmoja kwenye safari ya makumbusho ya treni. Wazazi wa wenzake walikuja na kamera na miwani ya jua. Baba alipitia kazini kwanza, akaja na ovaroli yenye jina la kampuni ya lifti mgongoni, viatu vimejaa vumbi la saruji. Chiriku alipomwona akiingia getini alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, ndipo uongo ukamtoka.

“Mwambie nimefurahi kumfahamu,” Baba alisema kwa lugha ya nyumbani. “Mwambie mama yako ana zamu hospitali, ndiyo maana nimekuja mimi.”

“Anauliza akae wapi,” Chiriku alitafsiri.

“Madereva wakae viti vya nyuma kwenye basi,” mwalimu akajibu.

“Anasema nyuma kuna nafasi, Baba.”

“Haya,” alisema Baba, akaenda.

Walikuwa na miaka miwili katika nchi ile. Mama ndiye aliyeletwa na kazi, na hospitali ndiyo iliyomlipia Chiriku ada katika shule ambayo kila mtoto ana dereva. Baba alifuata mke, akaokota kazi ya ufundi. Kila walipotoka kutembea, iwe ufukweni, iwe kwenye bustani ya wanyama, Chiriku ndiye aliyekuwa mdomo wake. Mwanzoni alijiona mtu mkubwa, mtoto wa miaka sita anayemkatia baba yake tiketi. Sasa alikuwa na minane na watu walipogeuka kuwatazama alijificha nyuma ya nywele zake. Lugha nzima ya watu, Baba aliambulia salamu tu, nayo aliivunjavunja.

Ndani ya basi rafiki yake alimgusa kiwiko. “Dereva wenu anaongea peke yake.”

Kweli. Baba alikuwa amefumba macho, midomo inacheza kama mtu anayekariri somo.

“Ndivyo alivyo,” Chiriku alisema, masikio yakiwaka moto.

Kwenye makumbusho, mzee mmoja mcheshi aliwaonyesha injini ya zamani ya mvuke. Alitoa utani kuhusu dereva wa treni na mkwewe, watu wakacheka, na Baba naye akacheka. Anafuata mkumbo tu, Chiriku aliwaza. Kisha Baba, ambaye mbele ya mashine husahau hata njaa, akamshika bega.

“Muulize mzee, presha ikizidi walikuwa wanaitolea wapi?”

Watu wote waligeuka. Waliitazama ovaroli, wakamtazama Chiriku.

“Anauliza choo kiko wapi,” Chiriku alisema.

Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko. “Mwambie anyooke na korido hii, mlango wa pili kushoto,” mzee alisema.

Baba alimtazama mzee, akamtazama binti yake. Halafu, kabla hajatafsiriwa chochote, akaondoka kuelekea chooni. Aliporudi mikono yake ilikuwa imelowa maji, na hakuuliza tena kitu siku nzima.

Mchana Chiriku alimwambia kwamba wazazi wa kiume wanakula kule kwenye basi. Baba alimkabidhi mfuko wa mayai wote. “Kula ushibe, mwanangu,” akamwambia, akaenda kukaa na madereva. Chiriku alimega yai moja, akalirudisha kwenye mfuko. Aibu ya asubuhi ilikuwa ya viatu vya Baba. Hii ilikuwa yake mwenyewe, na hakuwa na mtu wa kumsukumia. Aliapa kwamba wakirudi atamwambia mwalimu ukweli wote, liwalo na liwe.

Walirudi shuleni saa tisa. Mwalimu alisimama karibu na mlango wa basi na orodha yake, anawakabidhi watoto kwa wenyewe. Alipofika kwa Chiriku alikunja uso.

“Dereva wenu hayumo kwenye fomu. Siwezi kukutoa na mtu asiyeandikwa. Ngoja nimpigie baba yako.”

Simu ya Baba ingelia pale pale, mfukoni mwa ovaroli, mbele ya shule nzima. Chiriku aligeuka kumtafuta. Sekunde chache zilizopita alikuwa hapo, sasa hayupo. Basi lilikuwa bado linanguruma na mahali aliposimama palikuwa patupu.

“Mwalimu, yule si...” alianza.

Mwalimu aliinua kidole kumnyamazisha, simu iko sikioni. “Halo? Ndiyo, ni mwalimu wake.” Alieleza habari ya fomu, akasikiliza, akacheka kidogo. “Hapana, usijali kabisa. Alikuwa mtulivu sana, hakutusumbua. Asante, bwana.”

Akamtazama Chiriku kwa uso mkunjufu. “Mbona hukuwahi kuniambia baba yako anaongea lugha yetu vizuri hivi? Amekuruhusu. Shika, anataka kukusemesha.”

Chiriku aliipokea simu kwa mikono miwili. Ngurumo ya basi aliisikia pembeni yake, na aliisikia tena ndani ya simu. Kisha ikaja sauti ya Baba, polepole, katika lugha ya wenyeji, bila kosa hata moja.

“Nenda na dereva, mwanangu. Mkono utamshika mkishaipita kona.”