Kobe Mwenye Wajukuu

Kwenye michezo ya video, hakuna wa kunifundisha. Ndiyo maana sikusoma onyo kwenye skrini, nikabonyeza tu, nikafuta mwezi mzima wa jasho la mdogo wangu.

Mchezo wenyewe, wa kumkuza kobe, umetokana na filamu moja ya katuni ya ukoo wa kobe. Kobe wa mdogo wangu, aliyekuwa mkubwa kama meza, sasa alikuwa mdogo kama kifungo cha shati.

Nikaapa kumkuza upya kabla mwenyewe hajarudi kutoka shuleni. Nilimlisha majani, nikamvusha mito, kidole gumba kikatoka lengelenge, wala sikuacha. Kufika saa kumi, gamba lilikuwa na ukubwa wa sahani.

Mkoba ukadondoka nyuma yangu.

"Kaka," mdogo wangu akasema, "kobe wangu alikuwa na wajukuu tisa. Umewapeleka wapi?"