Ufunguo wa Tatu

Mume wa dada yake alimtupia fundi funguo mbili juu ya cherehani. Mmoja ulikuwa umelowa damu, nao ulikuwa wa dada.

Mtaa mzima ulikuwa umechimba kisima kwa mikono. Wakakubaliana nyumba ya pampu ifungwe kwa kufuli tatu, wanawake watatu, fundi na dada yake wakiwemo, washike funguo mmoja mmoja, pampu isije ikauzwa na mtu mmoja.

"Lete wa tatu, shemeji. Usinichoshe, mnunuzi ananisubiri."

"Umeangukia humo, chini ya sindano. Uchomoe mwenyewe, vidole vyako virefu."

Akaingiza kidole. Fundi akakanyaga pedali kwa miguu yote miwili. Sindano ikatoboa ukucha, ikazama mpaka kwenye mfupa, ikakatikia humo.

Akamwekea mkasi shingoni.

"Haya, shemeji. Dada yangu yuko wapi?"