Mwisho wa Kamba

Kamba ilitoka kwenye kigingi, ikavuka majani, ikaingia mdomoni mwa chatu. Mbuzi aliyefungwa na Mwanaidi kwa arobaini ya mumewe alikuwa mwisho wa kamba hiyo, tumboni.

"Shemeji, siku hizi unafuga chatu?" aliuliza jirani yake, Shebwana, panga mkononi. "Tumtishe. Atamtapika apate kukimbia. Kwa tumbo hilo hata kujikunja hawezi."

"Wageni wa kesho watakula matapishi?"

"Basi nimkate."

Mwanaidi alizitazama taya zikirudi mahali pake, na mbavu zilizotanuka kumpisha mbuzi mzima. Tangu mazishi, yeye hata uji haukumpita kooni.

"Mwache. Yeye angalau chakula kimempita."

Aliifungua kamba kigingini, akaketi ameishika, kama kila jioni alipomchunga mbuzi. Chatu akaanza kujivuta polepole kuelekea kwenye matete. Kamba ikanyooka.