Makosa Manne ya Ephantus

Ephantus alikuwa amebakiza ngazi mbili kufika chini, katoni begani, alipokutana na Ndeti anapanda kwenda kuchukua kazi yake. Ephantus hakuonekana kama mtu aliyefutwa kazi. Alionekana kama mtu aliyeruhusiwa kutoka hospitali.

Wakapeana mkono. Ephantus akasema hana kinyongo. Anaenda kukaa kwa dada yake Wanjira, pale Kangemi nyuma ya soko, mpaka Jumamosi apande gari la kwenda kwao Embu. Kisha akaiweka katoni chini.

"Ile bodi ya rimoti ina maringo," alisema. "Usiikimbize. Na wakikuuliza juu yangu, waambie nilikuwa sijui kazi."

Ndeti alicheka. Mwaka mzima alikuwa akitengeneza redio kwenye kibanda cha wenyewe Luthuli Avenue, cheti chake cha elektroniki kikiwa chini ya godoro. Hakuwa amewahi kusikia fundi akijisema vibaya hivyo. Akamwambia sawa, atawaambia.

Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga huko Kilimani, ghorofa ya kwanza, mlango hauna kibao. Becky, karani, akamjazisha fomu: jina, kijiji, mahali mke anaishi, shule ambayo watoto wanasoma. Akamweleza kwamba yeye ni fundi wa tatu mwaka huo, na kwamba Ephantus alimaliza miezi miwili akiipulizia kompyuta kama jiko la makaa.

"Wewe nakupa mpaka Alhamisi ushindwe," Becky alisema. "Nimewekeana dau la chapati na mlinzi wetu."

Mwenye ofisi, Kibe, alikuwa mtu mpole, sauti yake ndogo. Akamweleza kazi. Ni rimoti ya geti. Programu yenyewe ilishaandikwa, ilinunuliwa ng'ambo. Kilichobaki ni kompyuta iitafsiri na kuisukuma ndani ya chipu iliyo kwenye bodi. Lakini kompyuta haiioni bodi. Ndeti akiweza kufikia Ijumaa, kazi ni yake ya kudumu. Asipoweza, atashuka ngazi kama mwenzake.

Jumanne alianza na kebo, maana fundi wa redio huanza na waya. Akakipasua kichwa cha kebo. Ndani, waya mbili zilikuwa zimebadilishana mahali, halafu plastiki ikafungwa tena kwa gundi, safi kabisa. Akazirudisha kwao.

Jumatano asubuhi akakuta lile tundu la kebo limezimwa ndani ya kompyuta, kwenye ukurasa wa bluu wa mipangilio ambao mtu haingii kwa bahati mbaya. Akaliwasha. Bodi ikaonekana, lakini sasa ile programu ya kutafsiri ikagoma, ikasema leseni yake haijaanza. Kalenda ya kompyuta ilikuwa imerudishwa nyuma hadi mwaka 1999. Akaisogeza mbele.

Becky akasema chapati zake zimeanza kunuka moshi.

Alhamisi mchana chipu ilikubali kujazwa, lakini ikatoa upuuzi. Ndeti akaikagua bodi kwa lenzi. Kile kidude cha rangi ya fedha kinachoipigia chipu saa, kuipa mwendo wake, kilikuwa cha mwendo mwingine, na lehemu iliyokishika ilikuwa mpya kuliko zote. Akakibandua, akaweka kinachofaa. Taa ya kijani ikawaka.

Kibe alikuja mwenyewe kuiona. Akampongeza, akavuta kiti, akauliza kwa upole shida ilikuwa nini hasa.

Fundi aliyemaliza kazi ngumu hutaka ijulikane ilikuwa ngumu. Ndeti akahesabu kwa vidole: kebo, tundu, kalenda, kidude cha saa.

"Na hii si kompyuta, boss. Kitu haiwezi kujiharibu hivi. Huu ni mkono wa mtu, na ni mtu anajua kazi."

"Anajua sana?"

"Kunishinda," Ndeti alisema.

Kibe akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza kama Ephantus alisema anaelekea wapi, kwa sababu kuna barua yake imebaki. Ndeti akamwambia: Kangemi, kwa dada yake Wanjira, nyuma ya soko, mpaka Jumamosi.

Kibe akachukua rimoti akaenda dirishani. Ng'ambo ya barabara mama mmoja alikuwa anaingia kwake na gari. Geti likafunguka, akapita, likajifunga. Kibe akangoja mpaka mama aingie ndani ya nyumba. Akabonyeza.

Geti la yule mama likafunguka tena. Mlinzi wake akatoka, akatazama barabara juu na chini, hakuona gari.

"Inasikia mara moja tu, inakumbuka," Kibe alisema. "Karibu kazini."

Ephantus alikutwa amekufa Ijumaa jioni kando ya Waiyaki Way. Iliandikwa kwamba aligongwa na gari lisilojulikana. Wanjira alifunga kibanda chake cha mboga akarudi Embu na ile katoni. Mwezi uliofuata mageti tisa yalifunguka mtaani Kitisuru bila kuvunjwa, na katika nyumba mbili kuna watu hawakuamka. Becky alimlipa mlinzi wa ofisi chapati sita. Kibe alihamia ofisi kubwa zaidi, nayo haina kibao.

Ndeti alipewa meza ya dirishani. Anatengeneza rimoti ya pili, ya magari, na huu ni mwezi wa pili anaripoti kwamba kompyuta haiioni bodi. Jumatatu Kibe anamletea fundi mwingine wa kumsaidia.